Komputa uliyounga mwenyewe haiwaki? Anza na waya wa prosesa

Mdogo wangu wa Uyole, pole sana. Umesema vifaa vilitoka Kariakoo kwa basi, ukaviunga mwenyewe, na ukibonyeza swichi feni zinazunguka sekunde mbili kisha kimya. Usiseme madabodi (ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote) imeungua. Feni zikizunguka hata kidogo, umeme unafika.

Chomoa waya ukutani kwanza. Halafu tazama kona ya juu ya madabodi, karibu na prosesa (ubongo wa komputa): pana tundu la pini 8, au 4. Wengi huchomeka ule waya mkubwa wa pini 24 wakadhani wamemaliza, kumbe prosesa yenyewe haijapata umeme. Mimi hapa Iringa nililala saa tisa usiku kwa sababu ya waya huo.

Kama waya huo umechomekwa tayari, toa ramu zote (vile vipande virefu vya kumbukumbu), rudisha moja, ukandamize mpaka kishikio kiitike "ta!". Huwa ngumu kuliko unavyotarajia.

Bado? Itoe madabodi kwenye kesi, uilaze juu ya boksi lake la karatasi (siyo ule mfuko wa kung'aa, unaweza kupitisha umeme), ibaki na prosesa, feni yake, ramu moja na pawa saplai (kile kisanduku cha kugawa umeme). Rudisha waya ukutani, kisha gusanisha kwa ncha ya bisibisi zile pini mbili za madabodi ambako waya wa swichi ya kesi huchomekwa. Ikitulia ikawaka, basi huenda ndani ya kesi kuna kiguu cha shaba (vile vya kuinua madabodi) kilichofungwa mahali ambapo madabodi haina tundu la skrubu, kinaleta shoti. Ikizima vilevile, azima pawa saplai nyingine kabla hujanunua chochote.