Damu ya ubongo, kichanga akiwa kwenye ekmo

Nasikia mshipa mkubwa wa shingo hufungwa. Ubongo hupata damu wapi?

Ekmo ni mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili. Moyo na mapafu vikishindwa pamoja, mrija mmoja hutoa damu kwenye vena ya jugula ya kulia (mshipa wa shingo unaoteremsha damu kutoka kichwani), mwingine huirudisha, ikiwa na oksijeni, kupitia ateri ya karotidi ya kulia (mshipa wa shingo unaopeleka damu ubongoni). Juu ya mrija huo karotidi hufungwa kwa uzi. Upande wa kulia wa ubongo hulishwa na karotidi ya kushoto na ateri mbili za uti wa shingo, kupitia duara la Willis, yaani pete ya mishipa iliyo chini ya ubongo. Kwa wengi inatosha, ila si kila mtu ana duara kamili. Ikiwa moyo una nguvu na tatizo ni mapafu tu, mrija wenye njia mbili ndani ya jugula unatosha, karotidi haiguswi.

Kwa nini wauguzi hawataki kichwa kigeuzwe kushoto?

Jugula ya kulia tayari imezibwa na mrija. Kichwa kikilala kushoto, ya kushoto nayo hubanwa. Damu inaingia ubongoni lakini inakosa pa kutokea. Kichwa kikae katikati.

Vibandiko vya kwenye paji la uso vinapima nini?

Oksijeni iliyobaki kwenye damu ya ubongo, hasa ya vena. Havipimi mtiririko wenyewe, na hapo wengi hukosea. Namba ikishuka kwa zaidi ya asilimia 20 kutoka pale ilipoanzia, angalia kichwa kimelalaje, shinikizo la damu, himoglobini, na kasi ya pampu (mtoto wa kilo 3 huhitaji takriban mililita 300 kwa dakika). Kisha pima kabondioksaidi, kwa maoni yetu ndiyo husahaulika zaidi. Mtoto aliyefika na kabondioksaidi ya 70 mmHg, gesi ya kwenye pafu bandia (sehemu ya mashine inayotoa kabondioksaidi kwenye damu) ikifunguliwa sana, anaweza kushuka hadi 35 muda mfupi tu. Mishipa ya ubongo husinyaa na damu hupungua, ilhali oksijeni ya mwilini inaonekana safi kabisa. Anza na gesi kidogo, pima damu mara kwa mara, ishuke kwa saa kadhaa.

Ultrasaundi ya utosini kila siku, ya nini?

Kutafuta damu iliyovuja ubongoni. Dawa ya heparini huzuia damu kuganda kwenye mipira, lakini huongeza hatari ya kuvuja ubongoni, hasa siku za mwanzo. Uvujaji ukionekana, heparini hupunguzwa au kusimamishwa na chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda) huongezwa. Ukizidi kukua, timu hufikiria kumtoa mtoto kwenye mashine.

Karotidi hushonwa baadaye?

Baadhi ya hospitali hushona, nyingine huifunga moja kwa moja. Iliyoshonwa inaweza kusinyaa au kuziba tena.