Maswali ya wasomaji: Rangi mpya, taa zimevurugika

SWALI: Shikamoo fundi. Ninafufua Land Rover Series III ya 1974 aliyoacha marehemu babu. Chesisi tumeipiga msasa na kuipaka rangi upya. Sasa nikikanyaga breki mchana, taa zote zikiwa zimezimwa, taa ya breki ya kulia inawaka kwa unyonge, na taa ndogo za mbele nazo zinawaka kwa mbali! Fundi wa umeme anataka tung'oe nyaya zote. Nikubali?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikubali kwanza. Gari linakueleza ugonjwa wake waziwazi: taa ya nyuma kulia haina ethi, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari.

Balbu ile ina nyuzi mbili, wa wati 21 wa breki na wa wati 5 wa taa ndogo, na zote zinarudisha umeme kupitia kikombe cha taa. Njia hiyo ikiziba, umeme wa breki unageukia uzi wa taa ndogo na kukimbilia mbele kutafuta ethi kwenye taa nyingine. Na iliyoziba njia ni ile rangi yako nzuri, kwa sababu rangi haipitishi umeme.

Thibitisha kabla ya kufungua chochote. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri yenyewe, nyekundu kwenye chuma cha kikombe cha taa, mtu akanyage breki. Isizidi volti 0.2 hivi. Ukiona volti kadhaa, isogeze ncha nyekundu: kwenye bodi, kisha chesisi, kisha waya wa betri. Pale namba inapoanguka ghafla, kiungo kibovu umekivuka sasa hivi. Mafundi wengi hupima kama umeme unafika kwenye taa, wakaridhika. Kurudi kwake hawakupimi kabisa, nami jambo hili linaniuma, maana watu wanauziwa nyaya wasizozihitaji.

Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka wosha ya meno, kaza, ndipo upake grisi kwa juu. Bodi ya Land Rover ni alumini na chesisi ni chuma. Vikikutana na unyevu wa chumvi wa huko Tanga vinalana haraka.

Na chungulia chini: injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo lazima kuwe na waya mnene wa ethi kati ya injini au giaboksi na chesisi. Ukisahaulika, umeme wa starta hupita kwenye kebo kama ya choki, na kebo hiyo huweza kuungua.

Nyaya za zamani zina rangi za kukuongoza: nyeusi ni ethi, kijani yenye mstari wa zambarau ni breki, nyekundu ni taa ndogo. Kunja moja taratibu. Ganda likipasuka na shaba ikiwa nyeusi ndani, hapo fundi wako ana haki, badilisheni.