Begi Lililo Mlangoni

SWALI: Bwana asifiwe, Mama. Natoka Kivu, na huu ni mwaka wa 11 niko Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda. Tulihojiwa, tukapimwa afya, tukaambiwa tungoje tarehe ya kusafiri. Mwanzoni mwa 2025 nchi iliyokuwa itupokee ikasimamisha mpango wake, kesi yetu ikalala. Begi la nguo za watoto bado liko mlangoni. Mhubiri mmoja ananiambia nipande mbegu ya shilingi 50,000 ndipo mlango ufunguke. Wengine wananisomea Yeremia 29:11 kila wakija. Nimechoka hata kuomba. Je, Mungu amenisahau?
Mama wa watatu, Nakivale

JIBU: Pole, mwanangu. Pole sana.

Hizo 50,000 usitoe. Mungu hauzi milango, na anayekuuzia hana ufunguo.

Sasa hiyo Yeremia. Wanaokusomea aya ya 11 wangeanzia juu kidogo. Ile ni barua kwa watu waliotolewa kwao Yerusalemu kwa nguvu wakapelekwa Babeli, watu wa hali yako kabisa. Nabii Hanania alikuwa ametangaza kwamba mambo yangekwisha katika miaka 2. Nadhani walimpenda sana! Yeremia akawaandikia kuwa ni miaka 70. Kabla ya kuwapa ile ahadi ya tumaini, katika aya ya 5, aliwaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake. Walikuwa wangali ugenini, na Bwana hakuwaambia wakae juu ya mizigo yao.

Kuchoka kuomba nakujua. Mwaka 1996 nilikuwa mke wa askari, naishi kambini, mume wangu yuko vitani kaskazini. Simu hatukuwa nazo. Barua ililetwa na askari anayekuja likizo. Miezi 7 haikuja hata moja. Kila gari la jeshi likiingia getini tulitoka mbio, wanawake wote, wengine na unga mikononi. Mwishowe nikaacha kutoka, nikaacha na kanisa.

Mama mmoja mzee wa Umoja wa Akina Mama akaanza kuja jioni. Hakunihubiria. Alivuta ungo wangu, akakaa chini, tukapukuchua maharage. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, kwa hiyo ganda moja lilimchukua muda, na punje ikimponyoka aliitafuta mkekani mpaka aipate. Siku ya tatu au ya nne akanisomea Zaburi ya 88. Nikasubiri ile sehemu ya kufurahi. Haimo. Zaburi ile inaanza kwa kilio na kuishia gizani, akafunga kitabu, akasema, “Hii nayo ni sala,” akaendelea na maharage. Usiku ule nililia mbele za Mungu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Mume wangu alirudi. Sitakwambia alirudi kwa sababu ya maombi yangu, maana jirani yangu aliomba kunizidi na wa kwake hakurudi. Hilo sijalielewa hadi leo, nami bado namwamini Yesu, ambaye msalabani aliuliza mbona Baba yake amemwacha. Kwa hiyo swali lako, mwanangu, si dhambi. Liulize kwa sauti. Ukishindwa kabisa, mwombe mwenzako akuombee, wewe ukae tu kando yake. Na kama hulali au chakula hakipiti koo, nenda kituo cha afya uwaeleze. Hilo halipunguzi imani.

Kesi endelea kuifuatilia, usiifute moyoni. Ila begi, lifungue leo. Watoto wavae zile nguo kabla hazijawabana. Kwa shilingi chache nunua mbegu za dodo, yaani mchicha, umwage kwenye kipande kilicho nyuma ya nyumba. Mvua ikiwa nzuri mtachuma baada ya wiki 4 hivi. Kisha uniandikie kama zimeota.