Pumu wodini: andika saa, andika nambari

Mnaoanza kazi wodi za watu wazima hapa Nairobi, wagonjwa wa pumu hamtawakosa, hasa Juni na Julai baridi inapokaza na watu wanafunga madirisha jiko la makaa likiwa ndani. Kuwatibu mmefundishwa. Ninalotaka kuwaambia ni la faili.

Mwaka wangu wa kwanza nilipokea zamu ya usiku nikakuta faili la mama mmoja limeandikwa mara tatu "anaendelea vizuri". Hakuna saa, hakuna nambari. Nikamwuliza, "Mama, umekula?" Akajibu neno moja, akavuta pumzi, akaongeza la pili. Mara ya mwisho waliandika kwamba kifua kimeacha kulia filimbi. Nilipoweka stetoskopu mgongoni, ni kweli filimbi haikuwepo, ila hata hewa ilikuwa haiingii. Mwenzetu alisikia kimya akadhani ni nafuu. Usiku huohuo mama alihamishiwa ICU. Alipona, lakini nilikuwa siwezi kumwambia daktari alianza kuzidiwa saa ngapi.

Kwa hiyo kabla ya nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa iwe mvuke wa kuvuta, andika pumzi kwa dakika, mapigo ya moyo, oksijeni, na kama anamaliza sentensi bila kukatika. Pumzi 25 kwenda juu au mapigo 110 kwenda juu, hilo ni shambulio kali. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 92, maisha ya mgonjwa yamo hatarini. Na useme alipimwa akivuta hewa ya kawaida au akiwa na barakoa ya lita ngapi, maana 94 ya lita 6 si 94 ya mtu anayepumua mwenyewe. Dawa ikiisha, rudi upime tena, uandike. Kipimo cha kupuliza kikiwepo, apulize mara tatu, uchukue kubwa, uilinganishe na kiwango chake cha siku njema. Chini ya nusu ni kali. Chini ya theluthi, usisubiri.

Saa nazo zinatuponza sisi tunaozungumza Kiswahili. Mgonjwa akikwambia alivuta inhela saa mbili usiku, andika 20:00. Nimeona ikiandikwa 2, na daktari akakosea kwa saa sita. Dawa nayo iandikiwe saa iliyotolewa, si saa iliyoagizwa.

Ukikosea, piga mstari mmoja, tia sahihi na tarehe. Usifute.

Historia usiipite haraka. Amewahi kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia? Anamaliza inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, kwa muda gani? Wengi hununua hiyo tu kwenye duka la dawa, ile ya kuzuia hawajawahi kupewa. Mwambie akuonyeshe anavyoivuta, kisha andika ulichoona. "Amefundishwa" peke yake haimsaidii atakayemwona kesho.

Karatasi ya kuruhusiwa nyumbani iandike kwa mwandiko unaosomeka: prednisolone (dawa ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa) miligramu ngapi, siku ngapi, inhela zipi, kliniki tarehe gani. Kuna baba alikwenda kwao mashambani akashikwa huko usiku. Aliporudi kwetu kliniki alinitolea karatasi yangu ndani ya kava ya kitambulisho, imekunjwa mara nne. Nyuma yake daktari wa huko alikuwa ameongeza dawa alizompa, na saa.