Rangi Tatu za Kijani, Biashara Moja

Mteja aliyekuwa akinunua mikoba yangu kwa muda mrefu aliniuliza siku moja kama nina undugu na mwenye lile duka jingine la mtandaoni lenye jina kama langu. Hapakuwa na duka jingine. Alichokiona ni ukurasa wangu mwenyewe, ambao nembo yake ilikuwa ya kijani kinachong'aa, ilhali lebo iliyoshonewa ndani ya mkoba wake ilikuwa ya kijani kilichokolea, na mfuko wa karatasi aliofungiwa ulikuwa na kijani cha tatu kinachoelekea bluu. Nilivipanga vyote mezani, nikakubali kwamba alikuwa na haki ya kuuliza.

Kosa lilikuwa langu, tena lilijijenga polepole. Kila nilipotaka kuchapisha kitu, nilitafuta nembo kwenye simu na kumtumia mchapaji nakala yoyote niliyoikuta, pengine iliyokwisha kupita WhatsApp mara nne. Picha ya JPEG hupoteza sehemu ya taarifa zake inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, na programu za kutumiana ujumbe huibana zaidi ili iwe nyepesi, kwa hiyo kingo za herufi zikaingia ukungu. Mchapaji, kwa nia njema kabisa, aliichora upya kwa kukisia. Na rangi nayo akaikisia.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu uzuri wa nembo, bali faili lake. Mdai aliyekuchorea faili la SVG au PDF lililochorwa kwa mistari, kwa sababu mistari hiyo haichakai hata nembo ikikuzwa kutoka kibandiko hadi bango. Jihadhari, maana JPEG iliyopachikwa ndani ya PDF inabaki kuwa JPEG. Likuze faili mara kumi: ukiona vidato kama vya ngazi kwenye kingo za herufi, ulichopewa ni pikseli, yaani vinukta vya picha, si mistari.

Rangi ndiyo iliyonisumbua zaidi. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, ilhali mashine nyingi za uchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na zipo rangi za skrini, hasa kijani na machungwa zinazong'aa sana, ambazo wino hizo nne haziwezi kuzifikia. Nilikuwa nimechagua kijani changu nikiitazama simu, kisha nikawalaumu wachapaji watatu kwa kushindwa jambo lisilowezekana. Siku hizi naanzia kwenye karatasi: nachapisha vipande kadhaa vya sampuli, navitazama mchana karibu na dirisha, nachagua kimoja, ndipo natafuta msimbo wa skrini unaokikaribia. Kijani changu sasa kina anwani, #1F5C3A, na pembeni yake zimeandikwa asilimia za wino nne. Mwenye uwezo anaweza kutumia namba za Pantone, mfumo wa kutaja rangi za wino kwa namba uliopo tangu 1963, ingawa hata hapo karatasi isiyong'aa hunywa wino na kuifanya rangi ififie kidogo.

Kuhusu herufi, chagua aina mbili (fonti), usome leseni zake, yaani masharti ya kuzitumia, basi. Ila andika kwanza neno lenye ng' kwa kila aina kabla ya kuikubali, kwa maana katika baadhi yake ile alama ya ritifaa hukaa mbali na herufi, na neno huonekana kama limekatika.

Nembo yenyewe ijaribiwe mahali pabaya: kwenye mhuri wa rangi moja, kwenye risiti, na ndani ya duara dogo la picha ya wasifu linalokata pembe zote nne. Yangu ilikuwa na maneno matano chini yake, na kwenye duara yalisomeka kama mchanga. Niliyaondoa, nikabaki na herufi moja.

Maamuzi haya yote yamo katika ukurasa mmoja, nao uko kwenye folda moja pamoja na mafaili ya asili. Sikuona sababu ya kulipia kitabu cha kurasa arobaini ambacho mchapaji hatakifungua. Anayenipigia picha za bidhaa, anayeshona lebo na kijana anayeweka matangazo mtandaoni, wote hupewa kiungo cha folda hiyo, na hakuna anayetumiwa nembo kwa ujumbe wa simu.

Sikutupa vilivyokuwepo. Picha za wasifu nilizibadilisha jioni ileile kwa kuwa hazikugharimu kitu, mifuko ikafuata ilipoisha, na lebo, ambazo nilikuwa nimeagiza nyingi kupita kiasi, zilichukua karibu mwaka mzima.