London kwa pesa kidogo: panga ukiwa bado Nairobi

London ni ghali, hilo halina ubishi. Lakini kwa jinsi nilivyouzoea mji huo, nikifikia kwa jamaa na wakati mwingine kulala hosteli, nina hakika kwamba sehemu kubwa ya pesa za safari huokolewa kabla hujapanda ndege. Ukishatua umechoka, baridi inakuuma, una begi zito mkononi, na kila unachokosa utakinunua kwa bei yoyote utakayotajiwa. Ndiyo maana mengi ya hapa ni ya kufanywa Nairobi, wiki kadhaa kabla.

Anza na tarehe. Nauli ya ndege hupanda Julai na Agosti, shule za Uingereza zinapofungwa, na hupanda tena karibu na Krismasi. Mimi hupenda Februari kuelekea Machi. Baridi ipo, ndiyo, lakini siku zimeanza kurefuka. Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, na mgeni aliyelipa nauli yote ile hujikuta hana mchana wa kutembea.

Viza nayo ina ada, na ukinyimwa hurudishiwi. Kwa hiyo usiombe kwa haraka haraka. Fomu unaijaza mwenyewe kwenye intaneti, huhitaji dalali. Panga taarifa za benki, barua ya kazini inayoonyesha umepewa likizo na, kama una mwenyeji, barua yake. Ukiomba mapema hutahitaji kulipia huduma ya haraka. Na usinunue tiketi isiyorudishwa kabla hujapata viza.

Koti nunua Gikomba au Toi, masoko yetu ya mitumba ya Nairobi. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakitoa pauni nyingi Oxford Street siku ya kwanza tu, kwa koti ambalo nduguye ananing'inia kwenye kibanda chetu hapa. Nenda asubuhi marobota yanapofunguliwa. Vuta zipu juu na chini mara kadhaa, maana zipu ndiyo hufa kwanza. Geuza koti ndani nje uangalie bitana chini ya kwapa. Kisha livae juu ya sweta, siyo juu ya shati, uone kama mabega bado yana nafasi. Ongeza viatu visivyopitisha maji. Mvua ya London si kubwa kama yetu ya Aprili, lakini hunyesha taratibu siku nzima, na soksi zilizolowa zitakurudisha ndani kabla hujaona chochote.

Kuhusu pesa taslimu, kuna jambo linalowaumiza watu. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 hazikubaliki tena madukani tangu Septemba 30, 2022. Zinazotumika sasa ni za plastiki. Kama mjomba alikuachia noti ya zamani, au unapewa moja mahali unapobadilisha pesa, ikatae au ujue kwamba itakubidi uipeleke Benki Kuu ya Uingereza kubadilishiwa. Hata hivyo huhitaji noti nyingi, kwa kuwa London ni mji wa kadi. Iulize benki yako inakata kiasi gani kwa malipo ya nje, na uijulishe unasafiri ili kadi isifungwe. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa pauni, chagua pauni kila mara. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayekupangia kiwango cha kubadilisha, na hakiwi cha kukufaa.

Sasa usafiri, ambako pesa nyingi huvuja bila mtu kujua. Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow utaona matangazo makubwa ya Heathrow Express, treni ya haraka ya kwenda mjini. Yapite. Treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly inakufikisha katikati ya mji kwa muda usiozidi saa moja hivi, kwa sehemu ndogo tu ya nauli hiyo.

Ndani ya mji, panda basi. Nauli niliyoizoea ni pauni 1.75, iwe unashuka kituo kinachofuata au unakwenda hadi mwisho, na ukibadilisha basi ndani ya saa moja tangu ulipopanda la kwanza, hulipi tena. Hakuna kondakta wa kumpa noti. Mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu mwaka 2014. Unagusisha kadi ya benki au ya Oyster, kadi ya nauli ya London, kwenye mashine karibu na dereva, basi. Mfumo una kikomo cha nauli kwa siku: ukishakifikia, safari zinazobaki ni za bure hadi usiku. Ila lazima utumie kadi ile ile siku nzima. Asubuhi ukigusisha kadi na mchana ukagusisha simu, mfumo unakuhesabu kuwa watu wawili, na hakuna kati yao anayefika kikomo. Kwenye treni unagusisha unapoingia na unapotoka. Ukisahau kugusisha unapotoka, unakatwa nauli ya juu kabisa. Treni pia zina saa za nauli ghali, siku za kazi kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi na saa 10 hadi saa 1 jioni. Kunywa chai kwanza, utoke saa nne.

Basi namba 15 lina raha yake. Lipande Trafalgar Square, upande ghorofani, ukae kiti cha mbele kabisa chenye kioo kikubwa. Utapita Fleet Street, mbele ya Kanisa Kuu la St Paul's, hadi ngome ya Tower of London, kwa nauli ile ile. Mabasi ya watalii yanauza karibu mandhari hayo hayo kwa bei ya kumlisha mtu siku kadhaa.

Na vya kuona ni vingi bila kiingilio. Makumbusho ya taifa, yakiwemo British Museum, Natural History Museum na National Gallery, ni bure kwa mikusanyo yake ya kudumu. Unalipia maonyesho maalumu tu. Usijaribu kuimaliza British Museum kwa siku moja. Chagua vyumba vichache, utoke, urudi kesho, maana kurudi nako ni bure. Makanisa makubwa kama Westminster Abbey na St Paul's hutoza watalii, lakini ibada ya jioni yenye kwaya haina kiingilio. Nenda kama unakwenda kusali, siyo kupiga picha.

Chakula hakinisumbui sana. Maduka makubwa huuza mchana sandwichi, kinywaji na kitafunio kwa bei moja ya pamoja, na jioni hubandika vibandiko vya njano kwenye vyakula vinavyokaribia tarehe ya mwisho. Ukichoka na mkate, soko la Ridley Road kule Dalston lina mihogo, ndizi za kupika na samaki, na Whitechapel utapata biriani na mchuzi usio na aibu ya viungo. Mgahawani, omba maji ya bomba, na usome bili kabla ya kulipa. Ile asilimia 12.5 ya huduma inayoongezwa mara nyingi ni ya hiari. Ukiona hukuhudumiwa vizuri, unaweza kuomba iondolewe.

Malazi ndiyo mzigo mzito. Hosteli zipo, na wakati wa kiangazi vyuo vikuu hukodisha vyumba vya wanafunzi waliokwenda likizo. Lakini wengi wetu hufikia kwa jamaa, na hapo naomba tusikilizane. Jamaa yako huko analipa kodi inayotisha, anawasha hita kwa kuhesabu, na pengine anafanya zamu ya usiku. Mweleze mapema siku utakazokaa, na usiziongeze ukishafika. Uliza nyumba inakosa nini kutoka nyumbani. Majani ya chai na kahawa hupokelewa kwa furaha kubwa. Nyama na maziwa usibebe, forodha ya Uingereza hairuhusu. Siku ya pili nenda dukani ujaze friji bila kuulizwa. Pika jioni moja, chapati na ndengu, watoto wale. Hata ukifanya hayo yote, bado utakuwa umelala kwa gharama ndogo kuliko hosteli yoyote.

Ununuzi uache mwishoni, ukijua kilichobaki mfukoni. Usihesabu kurudishiwa kodi ya VAT uwanja wa ndege. Uingereza iliondoa utaratibu huo kwa wasafiri wanaobeba bidhaa zao Januari 2021. Zawadi mimi huzitafuta kwenye maduka ya hisani, yale yanayouza vitu vilivyotolewa sadaka. Nenda ya mitaa ya matajiri, kama Chelsea au Marylebone, asubuhi za katikati ya wiki: vitabu vya watoto, sweta za sufu, vikombe vizuri vya kumletea mama. Vikombe vifunge ndani ya soksi, na begi lipime nyumbani kabla ya kutoka.