Re: Nimepewa ada 100% na Bodi, mbona bado nadaiwa?

Mambo mkuu, pole. Umesema Bodi ya Mikopo imekulipia ada yote ila ukifungua akaunti ya chuo bado inasoma deni la 200,000 na ushee. Hilo si ada bana, ni michango: usajili, bima, serikali ya wanafunzi, ile 20,000 ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), hiyo yote unalipa mwenyewe. Cheki kwanza joining instraksheni (maelekezo ya kujiunga na chuo), ada na michango zimetenganishwa. Mimi fasta fasta nikalipia michango kwa wakala pale Igoma kwa kontroo namba (namba ya kulipia) ya ada, kumbe michango ina yake, nikazungushwa uhasibu wiki nzima na usajili unakaribia kufungwa, risiti imelowa jasho mfukoni. Kama una bima ya mzazi peleka kopi ya kadi waitoe hela ya bima kwenye deni. Na usisubiri bumu (hela ya kujikimu ya Bodi), halitoki kabla hujasajiliwa.